Asilimia mia ya nini? Prosesa, kujitolea na tokeni za shangazi

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi za wateja, lakini kuna jambo limekaa moyoni tangu msimu wa kaskazi na nisipoliandika sasa sitaliandika tena. Ni kuhusu kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwenye kompyuta ambazo si zangu, nikidhani natenda wema.

Kwa wale ambao ni wageni wa mambo haya: kuna programu huria iitwayo BOINC, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unaiweka kwenye kompyuta yako, unachagua mradi wa kisayansi, nayo inapakua vipande vidogo vya hesabu, inavikokotoa, kisha inarudisha majibu. Mradi uliovuma kuliko yote, SETI@home, ulianza Mei 1999 ukisaka ishara za viumbe wa mbali katika data ya darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico. Ulihamia BOINC 2004, na Machi 2020 ukaacha kugawa kazi. Einstein@Home, unaotafuta mawimbi ya mvutano na nyota aina ya pulsa, bado upo. Rosetta@home, unaochunguza maumbo ya protini, nao upo. Huo ulitoka kwenye maabara ya David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia 2024.

Mimi niliingizwa humo na malaria. Kulikuwa na mradi ulioitwa MalariaControl.net, wa watafiti wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi huko Basel, uliokuwa ukiiga kwa kompyuta jinsi malaria inavyosambaa na jinsi dawa, neti na chanjo zinavyoweza kuipunguza. Mtu aliyekulia Pwani hahitaji kushawishiwa mara mbili. Mradi ule ulimalizika 2016, lakini mimi nilikuwa nimeshanasa.

Sasa tufike kwa shangazi. Shangazi yangu ana saiba Kongowea, Mombasa: kompyuta tano za mezani, mitumba, i5 za kizazi cha tatu zenye viini vinne kila moja na RAM gigabaiti 4. Wateja wake ni wa kuchapisha barua, kujaza fomu za serikali na kuskani vitambulisho. Nilipoenda kumsalimia mwezi wa Desemba nilikaa pale nusu siku nikitazama prosesa zikiwa zimelala. Mteja anaandika barua ya kuomba kazi, prosesa inatumika asilimia 3. Nikasema moyoni, huu ni upotevu! Nikamwambia, "Shangazi, kuna programu ya kusaidia wanasayansi, naweza kuiweka? Haitakusumbua." Akajibu bila hata kugeuka, "Weka tu, mwanangu."

Nikaweka zote tano. Einstein na Rosetta, sehemu sawa kwa sawa. Ikachukua viini vyote vinne, asilimia 100, na mimi nikaiacha hivyo hivyo, nikapanda basi la usiku kurudi Nairobi nikiwa na furaha kama mtu aliyetoa sadaka.

Januari ikaleta kaskazi, na joto la Mombasa la mwezi huo mnalijua. Kompyuta namba tatu ikaanza kujizima. Mara ya kwanza wakasema ni stima. Mara ya pili ilijizima mbele ya kijana aliyekuwa amekaa dakika arobaini akijaza fomu ya mkopo wa chuo, na alikuwa hajahifadhi kitu. Alilipia muda wake, akaondoka, hajaonekana tena. Mwisho wa mwezi shangazi akanipigia. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akauliza, "Mwanangu, hiki kitu chako kinakula stima?" Tokeni alizozoea kununua kwa mwezi zilikuwa zimeisha siku nyingi kabla.

Nikajibu nini? Kwamba ni mizunguko ya bure ya prosesa, ambayo ingepotea tu?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ule usemi kwamba tunatoa nguvu ya prosesa "iliyokaa bure" ulikuwa na ukweli wake zamani. SETI@home ilipoanza 1999, prosesa ya mezani iliyolala haikutofautiana sana kwa umeme na ile inayofanya kazi. Windows 95 haikuwa hata na desturi ya kuiambia prosesa ipumzike pale pasipo na kazi. Ilizunguka tu ikisubiri. Kioo kikubwa cha kizamani kilichokuwa juu ya meza kilikula umeme kuliko prosesa yenyewe. Kwa hiyo ukitumia mizunguko ile, kweli ulikuwa unaokota kilichomwagika.

Leo si hivyo. Prosesa za sasa zikikosa kazi zinapunguza kasi, zinapunguza volteji, zinazima hata viini vizima. Hizi za shangazi zimeandikwa na Intel kuwa ni za wati 77 zikifanya kazi kwa bidii, lakini zikilala zinatumia wati chache sana. Nilinunua ile mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, nikarudi Mombasa mwezi wa Februari, nikapima mashine nzima bila kioo. Imewaka, mteja anaandika barua: wati 34. BOINC ikiwa na viini vyote vinne: wati 86. Tofauti ni wati 52. Saiba hufunguliwa saa kumi na mbili kwa siku. Mara kompyuta tano, ni uniti 3 na kitu kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 81. Hesabu mwenyewe kwa bei uliyonunulia uniti mara ya mwisho. Hizo si za bure, zimetoka mfukoni mwa mama anayetoza shilingi kumi kwa ukurasa.

Kwa hiyo nasema wazi: anayeweka programu hizi kwenye mashine ya mtu mwingine na kusema "haitakusumbua" anadanganya, hata kama hajui kwamba anadanganya. Mimi sikujua kwa sababu sikupima. Na mimi ndiye fundi katika ukoo wetu.

Haya, tuje kwenye ufundi, maana najua kuna waliokuja kwa ajili hiyo tu.

BOINC ina vipimo viwili vinavyochanganya watu. Cha kwanza ni asilimia ya viini: kwenye viini vinne, 50 maana yake kazi mbili zinaendeshwa kwa pamoja, na viini viwili vinabaki huru. Cha pili ni asilimia ya muda wa prosesa. Watu wengi wakisikia joto hukimbilia hiki cha pili, wakaweka 50, wakaridhika. Mimi pia nilifanya hivyo kwanza. Lakini kipimo hiki hakipunguzi kasi ya prosesa. Kinachofanyika ni kwamba kazi zote zinawashwa kwa muda mfupi, zinasimamishwa, zinawashwa, zinasimamishwa. Wakati zimewaka, prosesa inaruka hadi kasi ya juu kabisa na volteji ya juu kabisa, zikisimama inashuka. Kwenye mita yangu namba zilikuwa zinaruka kati ya thelathini na kitu na themanini na kitu kama mtoto anayecheza na swichi. Feni nayo inapanda na kushuka, inavuma kisha inanyamaza, hadi mteja mmoja akauliza kama mashine imeharibika. Wastani wa umeme unashuka, ndiyo, lakini unaupata kwa njia mbaya.

Dawa bora ni kushusha kasi yenyewe. Umeme wa prosesa hupanda pamoja na kasi, na hupanda kwa volteji mara volteji. Na ili kupata kasi ya juu lazima volteji nayo ipande. Ndiyo maana zile hatua za mwisho za kasi ndizo ghali kuliko zote. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya umeme, tafuta hali ya juu kabisa ya prosesa, uiweke asilimia 99. Kwa kawaida hiyo peke yake inazima ule mwendo wa ziada wa turbo. Ukiweka 70, inashuka zaidi. Niliijaribu: viini vinne vyote vikifanya kazi kwa asilimia 70 ya kasi, mita ikasoma wati 58. Angalia hesabu hiyo vizuri. Kazi imeshuka hadi kama asilimia 70, lakini umeme wa ziada umeshuka kutoka wati 52 hadi 24, chini ya nusu. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kila mahali kwa herufi kubwa.

Wenzangu wa Linux mna njia zenu. Prosesa za Intel zinazotumia intel_pstate zina faili la no_turbo ndani ya /sys. Andika 1 humo, basi. Na kama bado unatumia mtindo wa ondemand kwenye mashine ya zamani, kuna kitu kizuri kinaitwa ignore_nice_load. BOINC huendesha kazi zake kwa kipaumbele cha chini kabisa, nice 19. Ukiwasha hicho, mfumo hauhesabu kazi za namna hiyo unapoamua kupandisha kasi: sayansi inakwenda polepole kwa umeme kidogo, nawe ukianza kukompaili kitu chako kasi inapanda. Nimeitumia miaka kwenye mashine yangu ya Nairobi. (Nice 19, kwa njia, ndiyo inayofanya watu waseme BOINC haisumbui. Ni kweli kwamba inampisha mtu mwingine anayetaka prosesa. Haipishi joto, haipishi bili, na haipishi RAM.)

RAM ndiyo iliyonishangaza kwa shangazi. Kazi moja ya Rosetta inaweza kula gigabaiti nzima, wakati mwingine zaidi. Weka nne kwenye mashine ya gigabaiti 4, kisha mteja afungue kivinjari. Kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski za mitumba ile zilikuwa za kuzunguka bado. Prosesa inaonekana haina neno, kipaumbele kiko chini kama kawaida, lakini kipanya kinatembea kama kimekanyaga gundi. Kwa hiyo kwenye karatasi viini vinne vya polepole ni bora kuliko viwili vya haraka, na ningekuwa na RAM ya kutosha ningefanya hivyo. Pale Kongowea nimeweka viwili, kwa kasi ya asilimia 70. Unaweza pia kumzuia Rosetta peke yake: andika faili la app_config.xml kwenye folda ya mradi, weka project_max_concurrent kuwa 1, naye hatazidisha kazi moja kwa wakati huku Einstein akijaza kiini kilichobaki.

Kuna mtego mwingine. BOINC inaweza kujisimamisha ikiona programu nyingine zinatumia prosesa kupita kiasi fulani, tuseme asilimia 25. Wazo zuri. Lakini kwenye saiba mteja anafungua ukurasa wenye video, matumizi yanapanda, BOINC inasimama; video inakwisha, inaanza tena; ukurasa mwingine, inasimama. Kama hujaiambia iache kazi kwenye kumbukumbu inaposimama, kila mara kazi inaweza kurudi nyuma hadi mahali ilipojihifadhi mwisho. Nilikuta kazi moja imekaa siku nne na haijafika nusu. Umeme umeliwa, jibu hakuna. Huo ndio upotevu wa kweli, mbaya kuliko prosesa kulala. Kwa hiyo washa hicho cha kuacha kazi kwenye kumbukumbu, lakini punguza idadi ya kazi kwanza, la sivyo unarudi kwenye shida ya RAM. Matoleo mapya, tangu 7.20, yana safu mbili za mipangilio, moja ya wakati mtu anatumia kompyuta na nyingine ya wakati haitumiki. Mimi nimeweka kiini kimoja mteja akiwepo, viwili akiondoka. Kwa kuwa muda wa kusubiri ni dakika chache, haigutuki kwa kila mguso wa kipanya.

Na usijaze ghala. Kuna wanaopakua kazi za siku kumi eti intaneti ikikatika wasikose. Mashine inayowaka saa kumi na mbili kwa siku, Jumapili imefungwa, stima nayo ina mambo yake, haitamaliza. Kila kazi ina makataa. BOINC ikiona makataa yanakaribia inaacha mgao wako wote na kukimbiza kazi hiyo kwanza, kisha watu wanalalamika kwamba mradi mmoja "umeiba" prosesa. Haujaiba. Ule mgao wa sawa kwa sawa unahesabiwa kwa siku nyingi, si kwa kila dakika. Ukichelewesha, kazi inatumwa kwa mtu mwingine, na yule mwenzako ambaye jibu lake lilikuwa lisubiri kulinganishwa na lako anaendelea kusubiri. Nusu siku ya akiba inatosha.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba nia ya miradi hii ni wingi, na kila mtu akishusha kasi sayansi itachelewa. Mwaka 2020, wakati wa Covid, Folding@home ilipita exaFLOP moja, na haikufika huko kwa watu kubana. Ni kweli. Lakini ilifika huko kwa sababu watu walikuwa wengi, na wengi walikuwa wapya. Mtu mpya akipigwa na bili mwezi wa kwanza anaondoa programu na harudi, tena anawaambia majirani. Nani ana faida zaidi kwa mradi, anayetoa asilimia 100 kwa wiki tano au anayetoa 35 kwa miaka mitano?

Kinachosukuma watu hadi 100, nikisema kweli, ni pointi. Kuna jedwali, kuna timu, kuna namba inayopanda kila siku. Mimi mwenyewe niliiangalia namba ya Kenya asubuhi kabla ya chai. Sasa najiuliza ilikuwa na uhusiano gani na pulsa.

Walioandika BOINC ya Android 2013 walilielewa jambo hili. Kwa mipangilio yake ya mwanzo, simu haifanyi kazi mpaka iwe imechomekwa kwenye chaji, betri imefika asilimia 90, na joto la betri halijapita nyuzi 40. Simu inaheshimiwa kwa sababu kila mtu anajua betri ikivimba ni hasara ya mwenye simu. Kompyuta ya mezani, kwa kuwa haivimbi, tunaichukulia kama punda wa kijiji.

Kuna hoja moja ngumu zaidi ambayo sina jibu zuri kwake. Mashine hizi za kizazi cha tatu zinatoa hesabu kidogo kwa kila uniti ya umeme ukilinganisha na mashine mpya, achilia mbali kadi za michoro. Mtu anayejali mazingira anaweza kuniambia nizime zote, na ile pesa ya tokeni niitume Basel moja kwa moja. Pengine ana haki. Nilichofanya ni nusu ya hapo: namba tatu na namba tano nimeziondoa kabisa, maana zina vumbi na chumvi ya bahari hadi ndani ya feni. Tatu zilizobaki zinaendesha viini viwili kwa kasi ya chini, mita inasoma 49. Wati 15 za ziada kwa kila moja, uniti 14 kwa mwezi kwa zote tatu badala ya 81. Na hizo 14 nazilipia mimi. Kila mwanzo wa mwezi namtumia shangazi kwa M-Pesa.

Nilipomweleza haya yote, na mita nikamwonyesha, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sikukatazi, mwanangu. Lakini ungeniambia." Akauliza hizo hesabu ni za nini. Nikamweleza kuhusu protini na dawa, akaitikia kwa kichwa. Nikamweleza kuhusu nyota zinazozunguka, akacheka.

Nimemfundisha pale kwenye alama ndogo pembeni ya saa ya kompyuta: bonyeza, chagua simamisha. Mwezi wa Juni, watu walipokuwa wakikimbizana kujaza ritani za kodi kabla ya tarehe 30, alizizima zote tatu bila kuniuliza. Julai mosi zikaanza kurudisha kazi tena.